Mstari wa Sababu

Alhamisi, saa tatu na robo asubuhi.
Daktari Sirkku kaniandikia kwa penseli,
"ili uweze kufuta," alisema,
nami nimekibandika kile kikaratasi mlangoni mwa friji
chini ya sumaku ya samaki,
juu ya mchoro wa Eetu,
aliouchora kabla ya nyuzi saba za shavuni.

Katika mchoro una miguu mitano, Mitru.
Mmoja ni mkia, aliniambia, usiuhesabu.

Ulikuja Kajaani kwa lori, usiku wa Machi,
siku tatu barabarani kutoka Rumania,
ndani ya kizimba cha plastiki, na harufu yako.
Sikioni kipini cha njano chenye namba.
Shingoni alama ya waya, mahali manyoya yalipokataa kurudi.
Fomu ilisema: umri, labda miaka minne. Tabia, mpole.
Nani aliandika mpole?
Nikampigia simu. Namba haipo.

Wahenga walisema mbwa abwekaye haumi.
Juu ya asiyebweka hawakusema kitu.
Wewe hunyamaza. Jicho hugeuka kioo,
na kabla sijataja jina lako mambo yameshakwisha:
kwanza suruali ya tarishi,
kisha mkono wa Pirkko wa ghorofa ya chini
aliyekuletea mfupa,
kisha mimi, mara mbili, na sikumwambia mtu,
nikavaa mikono mirefu mwezi wa Julai
kama mke anayemfichia mumewe.
Kisha Eetu, aliyeinama kuokota penseli.

Nimejaribu. Sijitetei, nahesabu tu:
mkufunzi kutoka Oulu na glavu zake nene,
vidonge ndani ya soseji ya maini,
kizuizi cha mdomo ulichokivaa ukinitazama
kama mtu aliyevalishwa koti la marehemu;
mapazia kufungwa, matembezi ya saa kumi alfajiri,
baridi nyuzi ishirini chini ya sifuri,
sisi wawili na misonobari,
na hapo, Mitru, hapo ulikuwa mbwa.
Ulijiviringisha thelujini. Ulicheka kwa mwili mzima.
Nikasema moyoni: laiti ningekuwa na kisiwa.

Sina kisiwa. Nina vyumba viwili na mjukuu.

Watu wana majibu. Kaka yangu Taisto ana bunduki
na jibu lake ni fupi.
Binti yangu hasemi; huja bila mtoto,
huketi na koti mwilini, hutazama saa.
Wale wa chama cha uokoaji wanasema, mpe mwingine,
asiye na watoto, mwenye shamba, mwenye moyo.
Nikauliza, nimwambie ukweli?
Kukawa kimya kwenye simu,
kimya ninachokijua, kimya chako kabla ya meno.
Kumbe ndivyo neno mpole linavyoandikwa.

Jana usiku uliweka kichwa juu ya mguu wangu.
Ulilala, ukaota, makucha yakakwaruza sakafu.
Unakimbia nini huko?
Sikusogea mpaka mguu ukafa ganzi,
na nilikuogopa, hili niliandike vizuri,
nilikuogopa, tena niliogopa kwa ajili yako,
nisijue woga upi ulikuwa unatetemesha goti.

Maandishi ya penseli hufutika. Nimejaribu kwa kidole.

Fomu ya Sirkku ina maswali machache:
jina, uzito, majivu yarudishwe au yasirudishwe.
Mwishoni, Sababu, na mstari mfupi kama kidole gumba.
Nikaandika ameuma. Nikakata.
Nikaandika nimeshindwa. Nikakata.
Nafasi ikaisha, nikapanda pembeni mwa karatasi,
nikaandika wima, kando ya matundu ya faili:
aliogopa kila siku, hata siku njema.

Leo Jumatano. Saa nane na nusu mchana, nje tayari giza.
Mfuko wa chakula ni wa kilo kumi na mbili,
nimeufungua juzi.
Nakujazia bakuli. Unangoja nirudi nyuma hatua tatu,
kama tulivyofundishana,
ndipo unakula.